Jedwali la Mihogo ya Kagerankanda

"Kama mbegu yenyewe ni nzuri, mbona aliyenyimwa anavuna sawa na aliyepewa?"

Swali hilo niliulizwa na Bwana Fanuel, meneja wa mradi wetu wa muhogo pale Kasulu, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu na jedwali langu mkononi. Ilikuwa Oktoba 2013. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, kompyuta ya ofisi, na majibu ya kaya zote tulizozihoji kiangazi kile. Jibu la swali lake sikuwa nalo.

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie nyinyi mnaojiandaa kwenda uwandani kwa mara ya kwanza. Nasikia amenitambulisha kwenu kama mstaafu wa takwimu. Mstaafu gani ambaye hata miaka arobaini hajaiona? Lakini ni kweli kazi ile niliiacha na sijairudia, kwa hiyo acha jina libaki. Nitasimulia kadiri ninavyokumbuka. Mkitaka mpangilio wa kalenda, someni ripoti.

Kwanza mjue ni nini kilikuwa kinasubiri jibu langu. Miaka ile mihogo ya kwetu ilikuwa inaugua. Ukiutazama mmea hushtuki, majani yana madoa kidogo tu. Ukichimba, muhogo umenenepa vizuri. Ukiukata ndipo unaona: ndani kahawia, mkavu, mgumu, kama mti ulioliwa na mchwa. Hauloweki, hausagiki. Mradi wetu ulikuwa umeleta mbegu inayovumilia ugonjwa huo. Ninaposema mbegu, nina maana ya pingili, vile vipande vya shina ambavyo mkulima anavichomeka ardhini. Misimu miwili nyuma tulikuwa tumevigawia vikundi vya wanawake kule Kagerankanda, Kasulu vijijini. Katika vijiji hivyohivyo tukachagua kaya nyingine ambazo hazikupewa kitu, ili mavuno yakifika tulinganishe.

Wafadhili walikuwa wamesema bila kuficha. Tofauti ikionekana, mvua hizihizi malori yatapakia pingili kwenda wilaya jirani ya Kibondo. Isipoonekana, hakuna cha Kibondo. Mkutano wa uamuzi ulipangwa wiki iliyofuata, Kibondo kwenyewe, na mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Pingili isipoingia ardhini mwanzoni mwa mvua, mwaka umekwenda.

Na mimi ni mtoto wa Kibondo. Msimu ule mama yangu alikuwa amechimba shamba lake lote la nyuma ya nyumba. Nilipompigia simu kumuuliza amepata nini, alisema, "Nimechimba kuni."

Sasa mnaelewa kwa nini sikubisha Bwana Fanuel aliponirudishia jedwali na kusema neno ambalo mtalisikia sana kazini:

"Kata tena."

*

Nitarudi kwenye kukata. Kwanza niwatambulishe kwa Dada Zuhura, kwa sababu bila yeye ningekata hadi leo.

Dada Zuhura alikuwa mkuu wa takwimu pale ofisini. Baba yake alikuwa na duka la nafaka sokoni Kasulu, familia ya Kiislamu ambayo babu zao walitoka upande wa Pangani, na binti huyu alikulia juu ya magunia. Alisoma takwimu hadi shahada ya pili, akarudi Kasulu kwa hiari yake, jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa kichaa. Mimi aliniita Msomi tangu siku ya kwanza, na haikuwa sifa.

Siku nilipoanza kazi nilimuuliza kwa nini tuhoji kaya zilizochaguliwa kwa kura, kama bahati nasibu, badala ya kuhoji watu walio tayari na wenye nafasi. Nilikuwa na tabia ya kuhoji kila kitu, na nilidhani nimeuliza swali la maana. Jioni alinichukua hadi dukani kwa baba yake, akanionyesha gunia la maharage lililokunjuliwa mdomo.

"Chota."

Nikachota ya juu. Maharage ya njano, safi, yanang'aa.

"Gunia zima liko hivyo?"

"Naona liko hivyo."

"Baba," alimwita mzee aliyekuwa anafunga hesabu zake, "huyu ana digrii."

Yule mzee alicheka hadi akashika meza. Dada Zuhura akazamisha mkono wangu ndani ya gunia mpaka kwapani, akaniambia nifumbate ngumi kule chini. Nilitoa maharage yaliyotobolewa na wadudu, mawe mawili na kipande cha kamba.

"Kila muuzaji anaweka mazuri juu," alisema. "Na kijiji ni hivyohivyo. Mwenyekiti atakupeleka kwa walio juu. Aliye barabarani, aliyevaa vizuri, anayejua Kiswahili cha kuongea na wageni. Kura ndiyo mkono wako unaofika chini. Usipopiga kura, umehoji mdomo wa gunia."

Nimesoma vitabu vinene kuhusu sampuli tangu wakati ule. Vinaeleza vizuri, ila hakuna kilichowahi kunitia mchanga kwenye kucha.

Somo jingine lilinipata kwa aibu. Kwenye madodoso yetu, mtu akisema hajui ukubwa wa shamba lake, mdodosaji anaandika 99. Ni alama tu, maana yake "hajui". Mwezi wa pili kazini nilipiga wastani wa ukubwa wa mashamba bila kuiambia kompyuta hivyo. Kompyuta haina akili ya kujiuliza. Ikahesabu kila asiyejua kuwa na ekari tisini na tisa. Nilimpelekea Dada Zuhura jedwali nikiwa na nadharia yangu kabisa kuhusu umiliki wa ardhi.

Alisoma, akatingisha kichwa taratibu. "Hongera, Msomi. Umegundua makabaila Kasulu. Na wote hawajui ukubwa wa mashamba yao."

Tangu siku hiyo, kabla sijapiga hesabu yoyote, natazama thamani ya chini kabisa na ya juu kabisa ya kila safu, na nafungua madodoso machache kuyasoma kwa macho, moja moja, kama mtu anayesoma barua. Fanyeni hivyo. Inachosha, na itawaokoa mara nyingi kuliko fomula.

*

Turudi kwenye kukata.

Kukata ni hivi. Jedwali kubwa likikataa kukupa tofauti, unaligawa: wanaume peke yao, wanawake peke yao, vijana, wazee, wenye ng'ombe, wasio na ng'ombe. Kila mkato unauliza kompyuta upya. Na kompyuta inakujibu kwa namba ndogo tunayoiita p. Maana yake ni hii: kama kweli hakuna tofauti yoyote duniani, bahati tupu ingeweza kukuletea tofauti kubwa kiasi hiki mara ngapi? Ikishuka chini ya tano kwa mia, watu wanapiga makofi.

Nilikata siku mbili. Bwana Fanuel alipita kila baada ya muda, akiinama juu ya bega langu, harufu ya kahawa yake ikinitangulia kuniambia amefika. Msimwone mtu mbaya. Alikuwa na watumishi ambao mikataba yao iliishia Desemba, na aliitaka mbegu ifike Kibondo kwa moyo wote.

Siku ya pili mchana nikapata. Katika kaya zenye baiskeli ambazo mkuu wake ni mwanamume, waliopewa mbegu walivuna zaidi kuliko wasiopewa, na p ilikuwa chini ya tano kwa mia. Bwana Fanuel alinipiga bega.

"Umeona? Ilikuwa humo muda wote. Baiskeli ni usafiri. Usafiri ni soko. Soko ni motisha ya kupalilia. Andika hivyo."

Ilikuwa hadithi nzuri. Hata mimi nilianza kuiamini, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimwona akilini mama yangu akichomeka pingili, nikaona p yangu, nikaona vinaendana. Nikaenda mezani kwa Dada Zuhura nikitaka aniambie niko sawa.

Aliuliza swali moja. "Umekata mara ngapi?"

"Sikumbuki."

"Ulipoanza kukata, ulikuwa unafikiria baiskeli?"

"Hapana."

"Ukikata mara ishirini, bahati itakuchekea mara moja, hata kama huko chini hakuna kitu. Wewe umekata hadi ikacheka, halafu unatuletea kicheko tu." Akasogeza karatasi. "Na wewe una mama Kibondo. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kumtilia shaka hapa ni wewe."

Nilikasirika. Nilimwambia ni rahisi kuwa msafi wa takwimu ukiwa na duka la baba. Bwana Fanuel alikuwa amesimama mlangoni.

"Zuhura," alisema, "kwani wewe hutaki Kibondo wapate?"

"Nataka. Lakini mkutanoni kukitokea mtu mmoja anayejua hesabu, akauliza mmekata mara ngapi, mtajibu nini? Na akiniuliza mimi, nitasema."

"Basi niletee kitu kingine. Mna siku nne."

Dada Zuhura aligeuka kwangu kana kwamba sikumtukana dakika moja iliyopita. "Hujaniuliza swali la kwanza, Msomi. Wewe unayeuliza yote. Jedwali linasema hakuna tofauti. Ni nani wamevuna zaidi kuliko tulivyotarajia, waliopewa au wasiopewa?"

Nikatazama. Waliopewa walivuna vizuri, kama tulivyotumaini. Wasiopewa nao walivuna vizuri. Walitakiwa kuwa na kuni.

*

Tulipiga kura upya kati ya zile kaya ambazo hazikupewa, tukapata chache ambazo bodaboda wawili wangeweza kuzifikia, na asubuhi tukaondoka kwenda Kagerankanda. Dada Zuhura aliagiza jambo moja: tusiulize mpaka tumeona. Kwanza shambani, tuangalie shina na jani kwa macho yetu, halafu ndipo tufungue mdomo.

Kwenye kaya ya kwanza tulisimama katikati ya shamba na hatukuwa na haja ya kuambizana. Mbegu ile ina kikonyo chekundu na shina la kijivu, huwezi kuichanganya na ya zamani. Ilikuwa imejaa mle, kila tuta.

"Mama, mbegu hii umeipata wapi?" nilimuuliza mwenye shamba.

Akamtazama mwenyekiti wa kikundi cha wanawake, Mama Nyamwiza, ambaye alikuwa amefuatana nasi tangu barabarani kama heshima ya mwenyeji. Mama Nyamwiza akatazama mawingu.

"Imeota," alisema mwenye shamba.

"Muhogo umeota wenyewe?"

"Mvua ilikuwa nzuri."

Kaya ya pili ilikuwa hivyo, na ya tatu. Ya nne walikuwa na mbegu ya zamani tu, na mzee wa pale alituonyesha alichochimba: kuni. Alikuwa amehamia kijijini mwaka mbegu ilipogawiwa na hakuwa na ndugu pale.

Mama Nyamwiza ndiye aliyechoka kutuzungusha. Alituketisha kwenye mkeka nyumbani kwake, akaendelea kumenya mihogo yake, akazungumza bila kuinua macho.

"Mwanangu, mtu anakuja kwako asubuhi na panga lake, anaomba pingili. Utamwambia nini? Chumvi nitasema imeisha. Nguo nitasema ni ya mwanangu. Pingili? Muhogo nimeshachimba, shina limelala pale, nisipompa litakauka. Nikimnyima, kesho tukikutana kisimani atanisalimiaje? Na yule ni shemeji yangu. Na yule mwingine alinizikia mume."

"Lakini mlisaini kwamba hamtagawa misimu miwili."

"Tulisaini." Akatupa ganda kwenye ungo. "Mlikuja na gari. Mkakaa hapa, kwenye mkeka huuhuu, mkanywa uji wetu. Mgeni akiwa bado amekaa kwenye mkeka wako, utamwambia hapana?"

Dada Zuhura alitoa kicheko kidogo cha puani, kisha akajizuia.

Ndipo Mama Nyamwiza aliponiangalia usoni. "Utaandika hili?"

Wadogo zangu, hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko fomula yoyote. Makubaliano ya mradi yalisema kikundi kitakachogawa mbegu kabla ya utafiti kuisha kitafutwa, na shamba lake la mbegu litachukuliwa. Nikiandika kwamba majirani walipata mbegu, jedwali linaeleweka: hakuna tofauti kwa sababu wote wanapanda kitu kimoja. Kibondo ina nafasi. Lakini nitakuwa nimewashtaki wanawake wale. Nisipoandika, wako salama, na mbegu inaonekana haina maana.

"Nisipoandika, Kibondo hawapati," nilisema.

"Kibondo una nani?"

"Mama yangu."

Alirudi kwenye kisu chake, na tuliondoka hivyo kumalizia kaya zilizobaki.

*

Ofisini Dada Zuhura alinifundisha jambo la mwisho kubwa alilonifundisha. Tulipanga upya data ya kaya tulizozirudia, safari hii kwa kufuata kilichokuwa ardhini badala ya kufuata nani alipewa na mradi. Wenye mbegu mpya upande huu, wenye ya zamani upande ule. Tofauti ikajitokeza, kubwa, bila kukata chochote.

Nikaruka kwenye kiti.

"Kaa," alisema. "Hii nayo ina ugonjwa wake. Aliyekwenda kuomba mbegu hafanani na asiyekwenda. Pengine mwenye bidii ndiye aliyeomba. Pengine mwenye ndugu wengi, na ndugu walewale wanamsaidia kulima. Yule mzee asiye na ndugu angevuna kidogo hata kwa mbegu nzuri. Sasa mavuno ni ya mbegu au ya ndugu?"

"Kwa hiyo hatujui?"

"Tunajua kiasi. Na udhaifu huo uutaje wewe, kwa mdomo wako, kabla hawajakuuliza. Mtu akikugundulia kosa la hesabu yako, hataamini hata sehemu iliyo sawa."

Bwana Fanuel alisoma jedwali jipya akiwa amesimama. "Watauliza hao wengine walipata wapi."

"Kwa majirani," nilisema. "Vikundi hatuvitaji."

"Na wakitaka jina?"

Jedwali la baiskeli lilikuwa bado kwenye meza yake, na niliona analiweka kwenye mkoba.

Tuliondoka Kasulu alfajiri kwa gari la mradi. Mama Nyamwiza alikuwa amealikwa kuwakilisha vikundi, tukampitia njiani. Barabara ya Kibondo wakati ule ilikuwa tope jekundu, na dereva aliendesha kama mtu anayebembeleza ng'ombe mkorofi. Mimi nilirudia maneno yangu moyoni. Kila niliporudia nilifika pale pa "majirani" na kukwama.

Ukumbini mwenyekiti wa wafadhili alikuwa mzee mpole mwenye miwani, na dakika ya tatu tu nilijua ndiye mtu tuliyemwogopa: aliuliza sampuli ilichaguliwaje. Nikaeleza kura. Akaandika. Nikaonyesha jedwali la kwanza, lisilo na tofauti. Watu wa Kibondo waliokaa nyuma wakaanza kunong'ona. Nikaonyesha la pili, nikataja udhaifu wake kabla hajauliza, nikamwona anatikisa kichwa kukubali. Kwa sekunde chache nilidhani tumevuka.

"Binti, kazi nzuri," alisema. "Lakini kaya hizi za ulinganisho hazikutakiwa kuwa na mbegu. Ni nani aliwapa?"

Bwana Fanuel alitia mkono kwenye mkoba. Nilijua anatafuta nini. Dada Zuhura naye alijua. Nilifungua mdomo, na kilichokuwa karibu kutoka ni "hatujui".

"Niliwapa mimi."

Mama Nyamwiza alikuwa amesimama. Alianza kwa Kiswahili, akachoka nacho, akaendelea kwa Kiha, na bwana shamba wa Kibondo akatafsiri.

"Wengine pia waligawa, lakini mimi ndiye mwenyekiti, andikeni mimi. Mnasema mnataka kujua kama mbegu ni nzuri. Mtu haombi mbegu mbaya. Walikuja wakaomba, wakarudi wakaomba. Hiyo nayo ni hesabu, wekeni humo. Na kama kunifuta mtanifuta, nifuteni, ila pingili siwezi kwenda kuzing'oa kwenye mashamba ya watu."

Nyuma kule mtu alipiga makofi. Wakacheka, wakapiga wengi. Mkono wa Bwana Fanuel ulitoka kwenye mkoba ukiwa mtupu.

Mwenyekiti alisubiri watulie. Alimshukuru Mama Nyamwiza, akasema hakuna atakayefutwa, na nilimwona Dada Zuhura akifumba macho kwa nafuu. Kisha mzee yule akasema, kwa sauti ileile ya upole:

"Lakini mtakubali kwamba ulinganisho umeharibika. Hatuwezi kupanua mradi kwa ushahidi huu. Tunahitaji utafiti mpya, wenye kundi la ulinganisho lililo mbali, ambako mbegu haiwezi kufika kwa jirani." Akavua miwani. "Kwa kweli Kibondo inafaa sana. Ibaki bila mbegu misimu miwili, tuilinganishe na Kagerankanda."

Nilimgeukia Dada Zuhura nikitaka aseme kuna kosa. Aliniangalia kwa huzuni ambayo sikuwahi kuiona kwake. Hakukuwa na kosa. Kitakwimu alichosema mzee kilikuwa safi kabisa. Mimi mwenyewe ningekiandika kwenye mtihani na kupata alama zote. Kundi la ulinganisho lilikuwa limekaa safu ya nyuma, limevaa vizuri kwa ajili ya mkutano, na lilikuwa limeacha kupiga makofi.

Kabla ya kurudi Kasulu niliomba dereva apitie nyumbani nimsalimie mama. Bwana Fanuel na Dada Zuhura waliingia ndani, wakaletewa chai. Mimi sikuweza kumtazama mama usoni. Nilimwambia mbegu haiji, hadi misimu miwili ipite, labda zaidi. Alisema, "Haya, kunywa chai." Kisha akatoka uani kumsalimia Mama Nyamwiza, aliyekuwa amebaki kwenye gari, na nikawasikia wakiongea Kiha kama watu waliosoma darasa moja.

*

Utafiti ule mpya haukufanyika. Wafadhili walihamia kwenye mambo mengine, na mikataba yetu iliisha Desemba kama ilivyoandikwa. Dada Zuhura alinitafutia kazi nyingine ya takwimu Kigoma mjini, nikaifanya hadi 2015. Nilipata ujuzi wa kutosha. Nilijifunza kupima mambo mengi kwa pamoja, kutenga kijiji na kaya, kuandika mpango wa uchambuzi kabla ya kufungua data ili nisije nikakata mpaka bahati icheke. Hayo mtafundishwa, na myashike. Ila kila nilipoandika maneno "kundi la ulinganisho" niliona safu ile ya nyuma, na siku moja nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nilirudi nyumbani Kibondo mwishoni mwa mwaka ule. Mama alipika ugali wa muhogo, mweupe, laini. Nilikuwa nimeula kila likizo na nilijua mihogo yake imepona. Nilidhani ugonjwa ulipita, au amebadilishana mbegu na mtu. Mimi, niliyeuliza nyumba kwa nyumba mbegu imetoka wapi, mama yangu sikuwahi kumuuliza. Siku hiyo nikamuuliza.

"Si yule mwenzenu wa Kagerankanda," alisema, akinisogezea mboga. "Alinipa mafungu manne. Nikapanda, mwaka uliofuata nikagawa mtaa mzima. Sasa hivi ukienda hadi kule mtoni utaikuta."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe? Ungeandika."

Nikauliza yalifikaje, maana Kagerankanda ni mbali na yule mama hakuwa na nauli ya kubebea mizigo. Akanishangaa. Yalikuja siku ileile ya mkutano, nyuma ya gari la mradi, chini ya turubai, na mimi nilikuwa nimekaa mbele.